Vidole Viwili vya Mshono

Dorkasi mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mama yako yuko chumbani anapanga begi lako kwa mara ya tatu. Namsikia akigombana na sweta lisilotaka kuingia. Mambo ya barabara ya Mahagi, ya chandarua, ya kufunga mlango vizuri, ya watu wa mpakani huko Aru unakokwenda kufanya kazi, wenye kucheka haraka, hayo yote atakuambia yeye, na kesho atayarudia mpaka gari liondoke. Mimi sina la kuongeza hapo. Karatasi hizi nimezichana kwenye daftari la vipimo vya wateja, kwa hiyo nyuma ya ukurasa ukikuta bega la mtu au urefu wa mkono wa mke wa mchungaji, usishangae.

Nina jambo moja la kukuambia na nimelibeba tangu kabla ya Pasaka. Nilikuonea wivu. Wewe, mtoto wangu wa kumzaa. Sisemi wivu wa utani, ule tunaooneana tukicheka. Nasema wivu wenyewe, wa kumfanya mtu ashindwe kumtazama mwenzake usoni akiwa na furaha. Na kwa wivu huo nilikutendea ubaya kwa mikono yangu hii ya kazi. Nitafika huko. Nikianza na hilo utaitupa karatasi kabla hujasikia mengine, na mimi nataka uyasikie yote.

Hapa kwenye pembe ya meza iko sahani yako ya mchana. Mama yako alikupikia bugali na sombe ya majani ya muhogo, na yule samaki mkubwa wa ziwani aliyemchagua mwenyewe asubuhi kwenye meza yake ya samaki sokoni kabla hajawauzia watu. Ulikula nusu ya samaki, ukafunika nusu, ukasema, "Hii itakuwa ya mama, yeye hajakula vizuri." Halafu ukanawa mikono ukaondoka unaimba. Sahani imebaki na mimi. Harufu yake unaijua.

Wewe na mimi ndio tulikuwa walaji wa nyumba hii. Unakumbuka? Kwetu sahani ya baba hutengwa peke yake, na mtoto anayependwa huitwa aje kumalizia. Watoto wengi huitwa mwishoni, baba akishashiba, wapate mfupa na mchuzi. Mimi nilikuita mwanzoni. Ulikuwa hata miaka mitatu hujafika. Nilikuketisha kwenye goti langu la kushoto, nikakutengenezea matonge madogo, na ukifungua mdomo mimi nafungua wangu. Mama yako alikuwa anasimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Papa Dorkasi, weye unaharibisha uyu mutoto. Tumbo yake iko kidogo, unataka kuifanya sawa ya yako?"

"Acha mutoto akule," namjibu. "Miye sitaki mutoto wangu ajue njaa."

Na wewe unagonga sahani kwa kijiko kuonyesha uko upande wangu. Nilifurahi sana siku hizo. Nilikuwa nimepata mwenzangu.

Baadaye, ulipokuwa msichana wa shule, tukawa na Jumapili zetu. Ibada ikiisha mama yako anarudi nyumbani, sisi wawili tunapitia kwa yule mzee wa mishikaki ya mbuzi nyuma ya soko. Mishikaki minne yako, sita yangu, na makemba, zile ndizi kubwa, yaliyokaangwa mpaka pembeni yamekuwa meusi. Tukifika nyumbani tunakaa mezani kama watu ambao hawajala tangu jana, tunakula tena, mama yako anatuangalia anajua. Siri yetu ilikuwa mafuta kwenye midomo. Siku hizo watu walikuwa wananiita Papa Patron kwa ajili ya tumbo, na wewe walikuwa wanakusifu kwamba nyumba yetu ina baraka. Hakuna aliyetuambia tuache.

Nikikuambia kwa nini nakula hivi, utaona kama natafuta huruma, lakini nitakuambia. Tulipokimbia kutoka Djugu nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita. Tulilala kwenye uwanja wa parokia hapa Bunia, chini ya mahema, na chakula kilikuwa kinakuja kwenye beseni moja kwa watu wanane. Pale nilijifunza kula. Unaingiza mkono kabla sala haijafika amina, unameza bila kutafuna, unaangalia mkono wa jirani wala huangalii chakula. Nilijiapia kwamba nikipata nyumba yangu, hakuna sahani itakayoondoka mbele yangu ina kitu. Neno hilo nimelitimiza kwa miaka zaidi ya ishirini, na sijui neno lingine nililowahi kulitimiza kwa bidii hiyo.

Nilikuwa najificha nyuma ya hadithi hii kila mara, mpaka siku moja mama yako akanifungia mlango. Nilikuwa namsimulia mgeni habari ya beseni, akanikatiza.

"Na miye nilikuwa pale. Kwa lile hema ya pembeni. Lile beseni nilikula pia. Miye ninakulaka mara tano kwa siku?"

Mgeni alicheka. Mimi nilicheka pia, lakini iliniuma, kwa sababu ni kweli. Alipita njia ileile, miguu mitupu, na mdogo wake mgongoni. Leo akishiba anaacha. Njaa ilitupiga wote wawili, na yeye akaamua namna yake, mimi yangu. Hilo la kuamua ndilo nilikuwa sitaki kulisikia.

Mengine huyajui. Hujui kwamba nilikuwa nakula kazini saa kumi na moja jioni, sahani nzima ya wali na maharagi kwa yule mama muuza chakula jirani na karakana yangu ya kushonea, halafu nakuja nyumbani nasema nina njaa ya kufa. Hujui kwamba chini ya mabaki ya vitambaa, kwenye lile gunia unalolijua, nilikuwa naficha mkate na karanga. Yule bibi harusi aliyelia karakanani kwa sababu kitambaa chake cheupe kilikuwa na doa la mafuta, nikamwapia kwamba kilitoka dukani hivyo, wewe ulikuwepo, ulinitetea. Lile doa lilikuwa la kidole changu. Nilikata nguo yake mkono mmoja una mkasi na mwingine una kipande cha nyama. Ulimwambia, "Papa yangu hawezi kudanganya mutu." Nilishindwa kukutazama siku hiyo, na jioni nikala zaidi.

Basi mwaka jana ukaanza kukosa pumzi. Kupanda tu ule mlima mdogo wa kwenda chuo ulikuwa unasimama mara mbili. Nikasema ni malaria. Mama yako akasema, "Malaria ya sahani," akatupeleka wote wawili kwenye kituo cha afya. Yule muuguzi mwembamba alitutoboa vidole, akasoma kile kimashine chake, akavua miwani.

"Muzee, sukari yako iko juu sana. Ya mutoto haijafika, lakini iko njiani inafuata yako. Dawa nitakupa. Ya kuzuia mukono usiende kwa mudomo, ile siye hatuna."

Tulitoka pale. Nikakushika bega nikakuambia twende kwa mzee wa mishikaki tukajipoze moyo. Unaona akili yangu? Tumetoka kuambiwa chakula kinatuua, na mimi nakimbilia chakula kinifute machozi. Uliketi. Ulikula mshikaki mmoja. Wa pili uliuinua, ukautazama, ukaurudisha kwenye sahani.

"Papa, imetosha."

Ulisema polepole tu, bila kiburi. Kisha ukaomba maji ukanawa mikono. Mimi nilikula yangu sita na yako mitatu, na kila mmoja niliutafuna huku nakuchukia kidogo. Ndiyo, nimeandika hivyo. Kidogo, lakini nilikuchukia. Ilikuwa kama umesimama kwenye mlango wa hema, umetoka nje, umeniacha na beseni.

Tangu siku hiyo nikaanza kukuchungulia. Nilijua utashindwa, na nilikuwa nasubiri kwa hamu. Niliona ulivyokuwa unafanya. Hukujinyima chakula cha mama yako, wala hukutuletea habari za majani ya kuchemsha kama wale wa mitandao. Ulikuwa unajipakulia mwenyewe, unakula taratibu, halafu kabla sahani haijaisha unainuka na kunawa mikono kwa sabuni. Ndiyo hivyo tu. Ukishanawa, bugali imekwisha, hata ikiwa bado inatoa moshi. Mimi siku zote nilikuwa nalamba vidole na kungoja. Mtu anayelamba vidole bado yuko mezani. Jioni ulikuwa unatembea mpaka njia panda ya Ngezi na kurudi, vumbi hadi magotini, na motari wa pikipiki wanakupigia honi.

Na ulianguka, niliona. Siku ya mtihani ule wa hesabu za forodha ulinunua mikate ya kukaanga sita, ukaila yote jikoni umesimama, nyuma ya mlango. Nilikuwa dirishani. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilisema moyoni, karibu nyumbani. Lakini asubuhi yake ulikunywa chai yako, ukala kipande kimoja cha muhogo, ukanawa, ukaenda chuo. Hukujipiga, hukufunga siku mbili, hukusema sasa nimeharibu basi niharibu kabisa. Mimi nikianguka Jumatatu nalala palepale mpaka Jumapili. Kati ya yote uliyoweza, hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Watu wakaanza kusema. Kanisani mmoja anakuambia, "Dorkasi, umekuwa muzuri, ee!" Mwingine ananivuta pembeni, "Papa Dorkasi, mutoto iko mugonjwa? Batu banauliza." Baba mwenye akili angejibu kwamba mtoto ni mzima kuliko wakati wowote. Mimi nilikuwa natikisa kichwa na kusema, "Tunaomba tu," ili waendelee kuuliza. Nilitaka maneno yakufikie. Nilitaka uogope wembamba wako mwenyewe. Pia ni mimi niliyewaambia shangazi zako kwamba siku hizi unadharau chakula cha nyumbani. Walipokuja kukusema mpaka ukalia, nilikuwa nje, nasikiliza.

Na mezani, unakumbuka. "Weye unakatala sahani ya papa yako?" Nilikuwa najua hakuna mtoto wa kwetu anayeweza kulijibu swali hilo. Ulikuwa unakula matonge mawili kwa heshima, halafu unanawa. Matonge mawili. Ningekuvunjia beseni la kunawia.

Sasa nimefika pale.

Ile libaya, ile blauzi ya kwaya, ya kitambaa cha bluu chenye maua meupe, ya Pasaka. Nilishona za wasichana kumi na wanne, na yako nikaiacha mwisho. Nilikupima mwezi mzima kabla. Nilipozungusha mita kiunoni mwako, mita hii ambayo imekaa shingoni mwangu miaka yote ya maisha yako, nilisoma nikafikiri nimekosea. Nikapima tena. Ulikuwa umepungua upana wa kiganja kizima. Uliona sura yangu ukacheka, ukasema, "Papa, andika vizuri, usije ukazidisha." Niliandika vizuri. Daftari ninalo hapa, namba ni ya kweli.

Wiki niliyofika kwenye libaya yako, suruali yangu ya ibada ilikataa kufunga. Niliifumua nyuma ili niitoe kidogo, nikakuta hakuna kitambaa tena ndani ya mshono, nilishakitoa chote miaka iliyopita. Fundi mzima nikashona kiraka cha rangi nyingine katikati ya matako yangu na kukifunika kwa koti refu. Nilipomaliza kile kiraka nikaichukua libaya yako. Kitambaa kilikuwa tayari kimekatwa kwa kipimo chako cha kweli. Nikaishona ndani. Kila upande nilipunguza upana wa vidole viwili. Mshono ulikuwa mzuri, mnyoofu, katika kazi zangu za mwaka huu hakuna uliouzidi.

Ulikuja kujaribu Jumatano. Ulisimama mbele ya kioo cha karakana, ukavuta zipu ikafika katikati ikakwama. Ulivuta tumbo ndani, ukajaribu tena. Kisha ukageuka.

"Papa, ulishona kwa kile kipimo?"

"Kilekile cha mwezi uliopita."

"Basi nimeongezeka?"

"Mita haidanganyi, mama."

Nilikuita mama, ile ya kubembeleza, na huku nakuchinja. Uliketi kwenye kiti cha wateja. Ulisema, "Lakini nimejikaza, Papa. Kila siku nimejikaza." Na mimi nikatamka maneno ambayo yananiuma kuliko hata ule mshono. Nilisema, "Siye tuko ivi, mutoto wangu. Damu yetu iko ya kula. Haiko kosa yako." Nilikuvua uamuzi wako. Ulikuwa umeushika kwa mikono miwili mwaka mzima, na mimi nikakuambia haukuwa wako, haujawahi kuwa.

Jioni hiyo ulikuja kwenye sahani yangu bila kuitwa. Tulikula mpaka sombe ikaisha, ukafuta sufuria kwa tonge la mwisho. Mama yako alitutazama, akaenda kulala bila kusema usiku mwema. Na mimi, Dorkasi, nilikuwa na furaha. Niliimba nikifungia kuku bandani. Sitakudanganya kwamba nilijuta usiku uleule. Nilikuwa nimempata mwenzangu tena, na nililala vizuri.

Ulikula hivyo wiki tatu. Pasaka ikapita na wewe ukaimba mstari wa nyuma umejifunga kitambaa begani kuficha zipu iliyo wazi. Pumzi ikaanza kukukatika tena kwenye ule mlima. Hapo nikaanza kuogopa, nikaona nimekurudisha kwenye sukari, lakini mdomo haukufunguka. Halafu siku moja ukaja karakanani umevaa sketi yako ya zamani ya sekondari, ile niliyoishona kabla ya yote haya na ambayo sikuigusa. Ulikuwa umeishika kiunoni kwa ngumi isianguke. Baada ya wiki tatu za kula bado ilikuwa inaanguka.

"Papa, ona."

Nikasema kitambaa cha zamani hulegea. Uliangalia mita shingoni mwangu. Uliiangalia kwa muda mrefu sana. Kisha ukasema, "Sawa, Papa," ukaondoka, na tangu siku hiyo hujanipa hata kifungo nikushonee.

Hukuniuliza lolote. Hukumwambia mama yako, ningejua. Jioni ile ulijipakulia, ukala, ukanawa. Na vitambaa vyako vipya vya vikwembe ukavipeleka kwa yule fundi kijana wa barabara ya soko. Mtaa mzima uliona. Mwenzangu mmoja alisimama mlangoni pangu akacheka, "Fundi, mutoto yako anashonesha kwa batu?" Nikamwambia unataka mitindo ya vijana. Nilimwonea wivu hata yule kijana. Nilipita mbele ya kibanda chake mara tatu kuona kama anakupima vizuri.

Nguo yako ya safari imetundikwa hapa ukutani, ile ya kahawia aliyokushonea. Leo ulipotoka nimeigeuza ndani nje. Bega la kulia limepinda kidogo, na upindo wa chini ameushona kwa haraka. Lakini nilizungusha mita kiunoni nikalinganisha na zile namba za daftari langu, pamoja na ulichopungua tena tangu wakati ule, kwa kukadiria kwa jicho la fundi. Kiuno kiko sawasawa. Kijana asiyekujua amekupa kipimo chako, na mimi niliyekubeba gotini nilikunyima.

Nimesimama kidogo hapa. Nitakuambia nilikokuwa.

Nimefunua ile sahani. Nimekula ile nusu ya samaki iliyokuwa ya mama yako, yaani karibu yote, na bugali ya baridi matonge matatu. Sikuwa na njaa. Nilikuwa nimeandika yale ya juu na mwili wote ulikuwa unauma, mkono ukaenda wenyewe. Sivyo, haukwenda wenyewe. Niliupeleka. Nilifika kwenye kichwa cha samaki, ile sehemu ninayoipenda, nikakumbuka sauti yako ikisema itakuwa ya mama. Nikainuka nikaenda kunawa. Kwa sabuni, mara mbili. Ndiyo maana karatasi imelowa hapa pembeni. Kichwa na kipande cha shavu viko chini ya kifuniko, na nimemwita mama yako nikamwambia nimemla samaki wake. Amesema, "Ninajua, nilikusikia unafunua." Halafu ameketi hapa karibu anakula kilichobaki, anatafuna polepole kama kawaida yake, na ananiuliza naandika nini kirefu hivi.

Huyo ndiye baba unayemwacha. Sina ushindi wa kukuonyesha. Tangu ulipoacha kuniletea nguo nimejaribu kunawa mapema kama wewe. Kuna siku naweza. Gunia la vitambaa nimelimwaga, halina mkate tena, na yule mama wa wali nilimwambia asinipakulie hata nikimwomba. Ananipakulia nikimwomba. Wiki iliyopita nilimwomba mara mbili. Siku nyingine tatu nilipita mbele yake nikamsalimu nikaendelea. Nilikuwa nafikiri wewe ulizaliwa na kitu ambacho mimi sina, ndiyo maana niliona wivu, kama watu wawili walipewa urithi na mmoja akapata shamba zima. Sasa naona hukupewa. Ulikuwa unachagua mchana na jioni, kila siku upya, huku baba yako anakusukumia sahani yake na kukushonea uongo. Na bado ulichagua.

Wivu haujaisha. Kesho utaondoka kwenda Aru, utapanga chumba chako, utakuwa na sufuria yako moja, na hakuna atakayekusukumia sahani au kukuuliza kama unamkataa baba yako. Utapika unachotaka, utaacha unapotaka. Nakuonea wivu kwa hilo hata sasa ninapoandika. Lakini sasa naweza kulitamka jina lake, na nikilitamka linapungua nguvu kidogo. Wewe usije ukadhani wivu wa mzazi haupo. Ukizaa, ujichunguze.

Sikuombi unisamehe kabla gari halijaondoka. Safari ni ndefu, usijibebeshe na kazi hiyo. Ile libaya ya bluu nimeifumua juzi, nimerudisha vidole viwili kila upande na kuipiga pasi. Iko chini kabisa ya begi, mama yako anadhani umeiomba. Sasa itakupwaya. Ukitaka kuipunguza, mpelekee fundi wa Aru, mgeni, akupime yeye.

Mimi naomba kitu kingine. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako, na mita yangu nitaizungusha juu yake, ili ukirudi kutoka kwaya uikute kwanza. Kesho asubuhi, kabla ya chai, njoo unipime tumbo. Mama yako awe anatazama. Mimi siwezi kujipima, unaelewa kwa nini. Uandike namba kwa mkono wako nyuma ya karatasi hii, uende nayo Aru, usiniachie. Mita nayo ichukue, karakanani nitanunua nyingine. Ukija likizo utanipima tena kwa hii hii, na chochote itakachosema nitakikubali mbele yenu. Kama hutaki kunigusa, irudishe mezani tu, nitaelewa, na nitakubebea begi mpaka kwenye gari vilevile.

Lakini ukija, uivute mpaka ikae kwenye ngozi. Nitajaribu kuvuta tumbo ndani, najijua. Ungoje mpaka nipumue. Usinipunguzie hata vidole viwili.

Papa yako